Katekista na Moshi wa Kilima Chetu

Jumapili moja padri hakuwapo, na Katekista ndiye aliyekuwa akituongoza ibada kwenye kigango chetu huku Mkumbi. Katikati ya somo akanyamaza. Tulidhani amepotea mstari, maana miwani yake ilifungwa kwa uzi na ilikuwa na tabia ya kuteleza. Akainua uso, akavuta hewa kwa pua, akatulia, akavuta tena.

"Nani anachoma?" akauliza.

Akafunga kitabu, akakiweka mezani, akashika pindo la kanzu yake nyeupe na kupita katikati ya mabenchi hadi nje. Wanaume wachache wakamfuata. Sisi tuliobaki tukaimba wimbo ambao hakuna aliyeuanzisha vizuri. Aliporudi, pindo la kanzu lilikuwa jeusi. Akafungua kitabu, akatafuta mstari kwa kidole, akaendelea palepale alipoachia. Baadaye ndipo tuliposikia kwamba mama mmoja alikuwa amewasha majani ya migomba nyuma ya jiko lake, akayaacha yanafuka, akaja kusali. Mama huyo alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa, na tangu siku hiyo akawa anakaa nyuma.

Nilimfahamu Katekista tangu nilipoolewa kwenye kilima kile. Nyumba yake ilikuwa juu, yetu chini kidogo, na kati yetu palikuwa na kahawa na migrevilea, ile miti mirefu ya kivuli. Jina lake la ubatizo lilikuwepo, bila shaka, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Hata mke wake, alipokuwa hai, alimwita Katekista.

Kwetu, miezi ya kiangazi ikiisha na mvua ikiwa bado, kila mtu anasafisha uwanja. Majani ya migrevilea yanakuwa yamejaa, matawi ya kahawa yaliyopogolewa yamekauka, mabua ya mahindi yamelala. Ukisimama barabarani unaona moshi hapa na pale mpaka ng'ambo ya bonde. Kwa wengi wetu huo ni moshi tu. Katekista aliuangalia kama wengine wanavyoangalia mawingu: unaelekea wapi, ni mweupe au mweusi, umesimama wima au umelala. Ukiwa umelala, alikuwa anaacha chakula na kutoka kuufuata.

Swali lake la kwanza lilijulikana kilima kizima. Ukimwendea na kumwambia, "Shikamoo Katekista, nataka kuchoma taka leo," alikuwa akiitikia marahaba, kisha anauliza, "Maji yako wapi?" Usipokuwa na ndoo zilizojaa hapohapo karibu na rundo, mazungumzo yameisha. Ukiwa nazo, anauliza kama umewaambia majirani. Halafu anakuja mwenyewe na jembe lake, anazunguka rundo lako akikwangua majani mpaka udongo mtupu uonekane pande zote, na wewe unamfuata nyuma ukikwangua alipoacha. Rundo akiliona kubwa, analigawa bila kukuuliza. "Liwe dogo, kama kuku aliyelala," alikuwa anasema. "Ukimaliza hilo, ongeza kidogo kidogo. Unaharakia wapi?" Na kazi hiyo ilikuwa ya asubuhi, umande haujakauka. Mchana, upepo unapoanza kupanda kutoka upande wa ziwani, alikuwa hataki kusikia mtu anataja kiberiti.

Kumaliza nako kulikuwa na shughuli yake. Wengine huridhika miali ikilala. Yeye alimwaga maji, akakoroga majivu kwa jembe, akamwaga tena, kisha anapiga goti na kusogeza mgongo wa mkono wake juu ya yale majivu taratibu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akisikia joto mahali, mnaanza upya. Nimewaona watu wazima, wenye wajukuu, wakisimama pembeni wamenuna huku wakisubiri ruhusa ya kwenda kuoga.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mtu mgumu. Watoto wa mafundisho ya komunyo walimpenda kwa sababu aliwavumilia. Angerudia sala moja na mtoto mgumu wa kushika mpaka jua lizame. Lakini mbele ya moto hakuwa na uvumilivu wala heshima kwa umri. Alimnyang'anya balozi wetu wa nyumba kumi fimbo akaivunja, eti kwa sababu balozi alikuwa anachokonoa moto huku anazungumza na simu. Kuna baba mmoja ambaye moto wake uliruka ukaunguza miti ya kigango. Katekista alikataa kumpeleka mtoto wa mtu huyo kwa padri abatizwe mpaka yule baba achimbe shimo la taka. Padri alipopata habari alimgombeza mbele ya baraza la walei, kwamba sakramenti si adhabu ya takataka. Katekista akainamisha kichwa, akaomba radhi. Shimo lilikuwa limeshachimbwa.

Na alikuwa na kiburi chake. Alipenda kuitwa. Siku moja jirani yetu wa upande wa pili alichoma majani yake vizuri kabisa, asubuhi, maji yapo, udongo umekwanguliwa, kila kitu. Hakumwita. Katekista alisimama njiani akiangalia tangu mwanzo hadi mwisho, hakukuta kosa, akaondoka bila kuaga. Siku kadhaa alikuwa akimwitikia yule jirani kwa mkato.

Jambo jingine ambalo sikulielewa kamwe ni hili. Alikuwa akituhubiria kila mara kwamba hakuna haja ya kuchoma. Sisi huku tunalima ngolo: nyasi zinafyekwa, zinalazwa mistari inayokatana, halafu udongo unafukuliwa na kuzifunika, mpaka mlima mzima unakuwa na mashimo kama sega la nyuki. Nyasi zinaoza chini, mahindi yanakula. "Shambani mnazizika nyasi," alikuwa anasema, "mkifika uani mnazichoma. Kwani za uani zimekosa nini?" Alikuwa na shimo lake la majani nyuma ya nyumba, na mboga zake zilinenepa kuliko za mtu yeyote. Hata hivyo, ukimwita kusimamia moto, uso wake ulikuwa unachangamka kama wa mtu aliyealikwa harusini. Nadhani aliuogopa na kuupenda kwa pamoja. Jioni alikuwa anakaa jikoni kwake, moto wa mafiga unawaka, akichoma mahindi mabichi kwa ustadi ambao hata sisi wanawake hatukuwa nao, na hapo alikuwa mtu wa utani.

Watu walitunga sababu. Wengine walisema aliungua utotoni, wengine kwamba alipoteza mtu. Niliwahi kumuuliza mwenyewe, tukiwa tunachambua maharage uwanjani kwake.

"Katekista, ni kitu gani kilikupata hata ukauogopa moto hivi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama Anjela, lazima mtu aungue kwanza ndipo aogope?"

Akarudi kwenye maharage.

Nyumbani kwangu alikuja bila kuitwa mara moja tu ninayoikumbuka vizuri. Mume wangu alikuwa amelundika majani uani, mvua ya manyunyu ikayalowesha, yakakataa kushika. Mume wangu ni mtu wa haraka. Akachukua chupa ya petroli ya pikipiki, akamimina juu ya rundo, akaenda kutafuta kiberiti jikoni. Mimi nilikuwa naanika nguo, sikuelewa harufu ile ni ya nini. Anjela wetu, wakati huo anaanza shule, alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa rundo akicheza na kopo.

Katekista alikuwa akipita njiani. Nilimwona anasimama. Nilitegemea apige kelele kama kawaida yake, lakini hakupiga. Aliingia uwanjani polepole, mikono nyuma, anatabasamu. Mume wangu alikuwa ameshatoka na kiberiti mkononi, ameshakifungua.

"Hamjambo hapa," akasema. "Baba Anjela, nipe kijiti kimoja, sikio linaniwasha."

Mume wangu akacheka, akamnyooshea kiberiti. Katekista akakichukua chote, akakitia mfukoni mwa koti, na mkono mwingine ukiwa umeshamshika Anjela begani na kumsogeza kwangu. Hapo ndipo nilipoona kwamba midomo yake inatetemeka.

"Mchukue mtoto," akaniambia. "Nenda naye mbali. Pita huku, usipite pale. Jikoni kuna moto?"

"Kuna makaa."

"Yafunike kwanza."

Mume wangu akaanza kubisha kwamba ni petroli kidogo tu. Katekista akamshika mkono, akamsogeza nyuma hatua kwa hatua mpaka ukutani. "Kile kinachowaka si kile unachokiona kimelowa pale," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ni kile unachokinusa. Umesimama ndani yake. Mtoto wako alikuwa amekaa ndani yake. Ungewasha hapo, ungekuwa unamtafuta Anjela sasa hivi."

Tulilifunika lile rundo kwa udongo, na siku ile hakukuwashwa kitu. Mume wangu hakula chakula cha jioni. Kiberiti chetu Katekista hakukirudisha.

Lakini kilichomtenga na ndugu yake ni moto mwingine, na hata leo watu wa kilima chetu hawakubaliani juu yake.

Kosmas alikuwa mdogo wake Katekista, baba mmoja mama mmoja, na mashamba yao yalipakana. Mchana mmoja wa mwezi wa kumi, Kosmas aliwasha matawi ya kahawa nyuma ya nyumba yake. Katika takataka zile kulikuwa na kopo la dawa ya kupulizia mbu. Hakuliona. Kopo likapasuka, likarusha moto kwenye nyasi za kingo, na upepo ukaubeba. Nilisikia mlio, kisha kelele za wanawake. Nilipotoka, mteremko wote wa chini ulikuwa umeshika, na moto ulikuwa unapanda kwa kasi ya mtu anayekimbia. Juu yake palikuwa na nyumba zetu, kigango, na darasa la chekechea ambalo watoto wake walikuwa hawajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Katekista alitokea juu na panga. Hakuuendea moto kama wengine waliokuwa wanaupiga kwa matawi mabichi na kurudi nyuma wakikohoa. Alisimama, akaangalia mteremko, akaangalia miti inavyoinama, kisha akashuka moja kwa moja hadi kwenye kahawa changa ya Kosmas, ile iliyokuwa na matunda yake ya kwanza, imetandaziwa nyasi kavu chini kutunza unyevu. Shamba lile lilikaa pale ardhi inapokuwa nyembamba, kati ya jabali na korongo. Mahali pengine popote moto ungepita wazi.

"Hapa," akasema. "Ng'oeni, kateni, vuteni nyasi zote juu."

Kosmas akaja mbio, akasimama mbele ya mistari ya kahawa yake na mikono ameitanua.

"Kata ya kwako!"

"Ya kwangu iko chini, Kosmas. Tazama. Imeshaungua."

Kweli ilikuwa imeungua. Tulikuwa tunaisikia ikipasuka.

"Kaka, usikate. Nakuomba. Usikate."

Katekista akamtazama ndugu yake. Nilikuwa karibu, na sikuona hasira usoni mwake, wala huruma sikuiona. Akampita pembeni, akainua panga, akakata mti wa kwanza wa kahawa. Kosmas akamrukia, wanaume wawili wakamshika. Halafu sote tukaingia, tukakata, tukang'oa, tukavuta nyasi kwa mikono, wanawake tukikwangua kwa majembe mpaka udongo mwekundu ukaonekana toka jabali hadi korongo. Moshi ulikuwa umetufunika; niliendelea kukwangua bila kujua jembe langu linapiga udongo au mguu wa mtu. Joto likaja kwanza, usoni, mpaka nywele zikanuka. Kisha moto wenyewe ukafika ukingoni na kusimama. Uliruka mahali pawili, tukaupiga kwa matawi. Mwalimu wa chekechea alikuwa ameshawapitisha watoto njia ya juu, wameshikana mashati.

Nyumba zilipona. Kigango kilipona. Kosmas alikaa juu ya visiki vya kahawa yake mpaka giza, na hakuna aliyethubutu kumwendea.

Hawakusemeshana kwa miaka. Kosmas alikuwa anasali amesimama nje, dirishani, ili asikae chini ya sauti ya kaka yake. Kuna waliosema Katekista angeweza kukata mbele kidogo, akaokoa nusu ya shamba. Mimi nilikuwepo na sijui. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema amekosea, na hakuwahi kusema amefanya sawa. Ila kila mwaka, mvua zikikaribia, alikuwa anaotesha miche ya kahawa kivulini, anaibeba kwa karai hadi mpakani kwa Kosmas, anaiweka chini, anaondoka. Mwaka wa kwanza ilikauka palepale. Na wa pili. Mwaka mmoja tukaona udongo wa miche umelowa na mvua haijanyesha. Uliofuata, miche haikuwepo mpakani. Ilikuwa shambani, imepandwa. Hawakukumbatiana wala kuitisha kikao. Kosmas aliingia tu kanisani Jumapili moja na kukaa.

Miguu ya Katekista ilipoanza kuchoka, binti yake Leokadia alimchukua kwenda kuishi naye Chiwanda, ziwani, alikoolewa. Kosmas ndiye aliyembebea begi mpaka barabarani.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, nikapata nafasi ya kumtembelea. Nilimkuta kakaa kibarazani, amepungua sana, amevaa sweta katika joto lile la ziwani. "Shikamoo Katekista." Akaitikia kwa upole, akaniuliza kama nimetumwa na askofu kutoka jimboni. Leokadia akanivuta pembeni.

"Usijali, dada. Siku hizi hata mimi ananiita mama. Kaa naye, nikachukue soda dukani."

Nikakaa. Tukazungumza juu ya jimbo, kwa kuwa ndilo alilolitaka. Baadaye akasema anakwenda nyuma kidogo, akainuka kwa fimbo yake. Alirudi, akaketi, akasinzia. Nilikuwa nimeanza kusinzia mimi pia niliposikia harufu.

Nilizunguka nyumba mbio. Rundo la majani na mashina ya mihogo lilikuwa linawaka limeegemezwa kwenye uzio wa matete, na upepo wa ziwa ulikuwa unausukuma moto upande wa pili, ambako jirani alikuwa na kibanda cha nyasi cha kuhifadhia nyavu, na chanja lililojaa usipa, dagaa wa huko ziwani. Matete yalikuwa yameshashika. Hakukuwa na ndoo. Hakukuwa na jembe. Nikaushika uzio kwa mikono, nikauvuta, ukakataa. Upande wa pili akatokea mwanamke na beseni alilokuwa anaoshea samaki, akamwaga maji yote, akaushika uzio kwa upande wake. Tukauvuta pamoja, mimi huku yeye kule, mpaka ukalala chini, tukaukanyaga, tukafukia kwa mchanga. Cheche moja ilikuwa imetua juu ya paa la kibanda. Aliiona kabla yangu, akairukia na kanga yake.

Tulisimama tukihema. Mikono yake ilikuwa na masizi na magamba ya samaki.

"Ni babu," akasema. "Nilimwona anawasha. Nikajua Leokadia yupo naye. Huwa anamficha viberiti, sijui hiki amekitoa wapi."

Kabla sijamjibu tukasikia fimbo. Katekista alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Aliangalia uzio, akaangalia majivu, akaangalia juu kwenye kibanda. Mgongo wake ukanyooka.

"Nani amewasha moto hapa?"

Yule jirani akafungua mdomo. Nikamshika mkono.

"Ni mimi, Katekista."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukabadilika, nikaona kwamba ameniona.

"Mama Anjela! Wewe? Wewe, miaka yote tuliyokaa pamoja? Upepo huu? Karibu na matete? Maji yako wapi?"

"Sina."

"Ulimwambia jirani?"

"Sikumwambia."

Alinigombeza kwa sauti ileile ya zamani, mpaka watu waliokuwa ufukweni wakageuka. Nilisimama nimeinamisha kichwa, na machozi yalikuwa yananitoka, na yeye nadhani aliyachukua kuwa ya toba, maana sauti ikashuka. Akanishika kiganja, akaniongoza kuvuka uzio ulioanguka hadi mbele ya yule mwanamke.

"Mwombe radhi."

"Dada," nikasema, "nisamehe. Nimewasha moto bila kukuambia."

Yule mwanamke akanitazama, akamtazama yeye. Akajifuta mikono kwenye kanga iliyoungua.

"Nimekusamehe, dada. Yamekwisha."

Katekista akatikisa kichwa, ameridhika. Wakati huo Leokadia akatokea na chupa za soda mikononi, akasimama ghafla. Aliona uzio, aliona masizi kwenye nguo zangu, akamtazama baba yake, na nikaona ameelewa kila kitu. Akapiga hatua kutujia.

Katekista akainua mkono kumtuliza.

"Usimgombeze, mama," akamwambia. "Ni mtu mzuri huyu. Ameshakubali kosa lake."

Leokadia akaweka soda chini mchangani. Akaja akainama kando yangu, na sisi watatu tukaanza kusimamisha uzio, wakati Katekista amesimama pale, anatuonyesha kwa fimbo mahali ambapo bado panafuka.